Sitaandika "Mjadara"

Jumatatu, 3 Machi

Jukwaa langu la sarufi mtandaoni lina miaka tisa na wanachama arobaini na mmoja, nami nikiwemo. Jumamosi saa nne asubuhi wanachama hao watapiga kura kuamua kama wabaki kwangu au wahamie kwa Mtangazaji. Sababu ni rangi. Si hoja, si kanuni, si ubora wa makala zangu. Rangi.

Wanasema hawaoni. Tangu mtambo wa jukwaa usasishwe mwezi uliopita, maandishi yamekuwa ya kijivu hafifu juu ya kijivu hafifu zaidi. Mmoja ameandika kwamba kusoma makala yangu ni sawa na kutafuta chumvi iliyomwagika ndani ya unga. Tamathali nzuri. Nimeipa saba kwa kumi.

Mtangazaji alistaafu redioni miaka sita iliyopita na hajanyamaza tangu siku hiyo. Amefungua ukumbi wake wenye maandishi meusi, manene, makubwa kama ya kwenye mlango wa choo cha stendi. Na anasema "masaa". Kwa miaka thelathini aliwaambia wasikilizaji "masaa mawili yaliyopita", wala hakuna aliyemchukulia hatua. Mtu huyo ndiye wanayetaka kumfuata.

Lakini kusema kweli siwahofii wote. Namhofia mmoja, Mkutubi. Alifanya kazi maktaba miaka thelathini na miwili, na kila Jumamosi kwa miaka tisa ameandika maoni chini ya makala yangu. Zipo Jumamosi ambazo aliandika yeye peke yake. Akiondoka, nitakuwa naandika ukutani. Sasa ni wiki ya tatu, kimya. Macho yake ni dhaifu, aliwahi kulitaja jambo hilo, kwa hiyo ni kijivu kilichomfukuza. Haiwezi kuwa kitu kingine. Mara ya mwisho alisimulia siku walipoifunga maktaba, vitabu vikitolewa nje ndani ya makasha ya sabuni, nami nikamsaidia palepale mbele ya wote kwa kumsahihishia makosa manne. Hakuna anayechukia msaada.

Mpango: nibadili rangi kabla ya Jumamosi. Wanachama waone, jukwaa lipone, Mkutubi arudi.

Dada, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka minne na alichagua chumba cha mbele ili asipitwe na anayepita, ameuliza kwa nini nisimpigie simu tu huyo mama wa watu. Nimemweleza kwamba suala hili ni la kiufundi.


Jumanne, 4 Machi

Mkwe amekubali kunifundisha. Ni mke wa mwanangu, hutengeneza tovuti za watu akiwa kwenye meza yake iliyobanwa kati ya jokofu na dirisha. Amenipa dakika ishirini kabla ya kikao chake.

Maelezo yake ni haya. Mwonekano wa jukwaa unaongozwa na amri zilizoandikwa kwa lugha ya mitindo, wao huiita CSS. Amri hizo zimo ndani ya faili la asili, kazi ya fundi aliyetengeneza kiolezo, yaani umbo la awali la jukwaa, na faili hilo haliguswi. Ukiligusa, siku mtambo ukisasishwa kazi yako yote inafutika. Na ukilikosea, umebomoa nyumba ukiwa ndani. Pembeni kuna kisanduku kinachoitwa "mitindo ya ziada". Humo unaandika amri zako chache, nazo zinazifunika zile za asili. Akasema, meza huipaki rangi, Baba, unaitandikia kitambaa. Kitambaa kikikuchosha unakitoa, meza iko vilevile.

Nimeipenda hiyo.

Kisha akasema kwamba amri mbili zenye uzito sawa zikigongana, iliyoandikwa mwisho ndiyo hushinda. Hiyo sikuipenda. Msemaji wa mwisho kuwa mshindi ni utaratibu wa redioni. Lakini akaongeza kwamba amri mahususi huifunika amri ya jumla hata kama imetangulia, na hapo nikasimama. Hiyo ni sarufi tupu. Kifaru kwa sura ya neno ni wa ngeli ya KI-VI, lakini kwa kuwa ana uhai tunasema kifaru amelala, hatusemi kifaru kimelala. Kanuni mahususi imeifunika ya jumla. Nimemfafanulia Mkwe jambo hili, pamoja na kipofu, kiongozi na kijana, kwa dakika kumi na mbili kati ya ishirini zangu. Amesema ndiyo, Baba. Kisha ametazama saa.

Alipokuwa akivaa visikiza sauti amenipa masharti: nibadili jambo moja kwa wakati mmoja, na kabla ya kugusa chochote niweke nakala. Nimemwambia nimesahihisha mitihani miaka kumi na minane bila kupoteza karatasi hata moja. Amesema hana shaka na karatasi.


Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na vichwa vya makala. Kila kipande cha ukurasa kina jina lake, na amri yoyote huanza kwa kulitaja jina hilo, likitanguliwa na nukta. Fundi wa kiolezo ni mtu wa lugha yetu, kwa hiyo majina nayaelewa. Kichwa kinaitwa kichwa. Kwenye ukurasa wa kwanza vichwa viko kumi na viwili. Nikaandika nukta, "vichwa", mabano, rangi nyeusi.

Hakuna kilichobadilika. Nikaandika tena. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikaandika tena. Nikafuta vumbi kwenye kioo.

Saa saba Mkwe akapita na kikombe chake. Akasema ni "kichwa", Baba. Nikamwambia viko kumi na viwili, ahesabu mwenyewe. Akasema hata vikiwa elfu kumi kila kimoja kinaitwa kichwa, na amri inawaita kwa jina hilohilo. Nikamsahihisha, inaviita. Nikamwuliza, basi upatanisho wa umoja na wingi unakaa wapi katika lugha hii. Akasema haukai. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Nimeandika "kichwa" huku mkono ukisita. Vichwa kumi na viwili vikawa vyeusi papo hapo. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sijui ipi ilitangulia.

Mtangazaji naye hajalala. Saa nne asubuhi ameandika jukwaani kwangu, chini ya paa langu: "Wapendwa, yamebaki masaa sabini na mawili." Kwa mamlaka ya msimamizi nikaiondoa "ma", na "yamebaki" nikaifanya "zimebaki". Akarudisha. Nikaondoa. Akarudisha, akaongeza picha ya uso unaocheka hadi machozi. Wanachama kumi na wanne wameupenda uso huo. Makala yangu ya juzi kuhusu kiambishi "ki" ilipendwa na mmoja, naye ni mimi, kwa bahati mbaya ya kidole.

Mkutubi, kimya.


Alhamisi, 6 Machi

Vichwa vinaonekana. Vitufe vinaonekana (nimeandika "kitufe", nimejishusha). Yamebaki maandishi yenyewe, mwili wa kila mjadala, ambayo ndiyo jukwaa. Nikakikagua kipande hicho ili nijue kinaitwaje.

Kinaitwa "mjadara".

Nimevua miwani, nimeifuta, nimeivaa. Mjadara. Kwa R. Mtu mzima, aliyekwenda shule kwa miguu yake mwenyewe, ameandika "mjadara", akalibandika katika kila ukurasa wa jukwaa la sarufi, nami kwa miaka tisa nimeishi juu ya neno hilo kama mtu aliyelalia nge bila kujua.

Nikaandika amri yangu kwa usahihi: nukta, "mjadala". Haikutii. Bila shaka haikutii.

Mkwe amenieleza kwa upole kwamba lazima jina litajwe kama lilivyoandikwa. Nimemwambia sitaandika. Akasema hakuna atakayeliona, liko ndani ya mashine. Nikamwuliza kama mtu aweza kuvaa fulana chafu kwa kuwa koti limefungwa vifungo. Akasema watu wengi sana wanafanya hivyo. Akashauri ninakili tu neno kutoka pale lilipo na kulibandika kwenye kisanduku. Nimewaadhibu wanafunzi kwa miaka arobaini kwa utetezi huohuo, "mimi nilinakili tu, Mwalimu". Akasema basi aandike yeye, ni sekunde tatu. Nikamwambia kosa likiwa nyumbani kwangu ni langu, hata likiingizwa na mkono wa mwingine. Akasema haya, Baba, akarudi mezani kwake, na nikamsikia akicheka na jokofu.

Alasiri nikasoma peke yangu kuhusu amri ya kulazimisha. Mwishoni mwa amri unaweka neno la Kiingereza lenye maana ya "muhimu", na alama ya mshangao ikae mbele ya neno. Mbele. Mtu anashangaa kwanza, ndipo anaambiwa kilichomshangaza. Nikaihamishia nyuma, mahali pake. Haikutii. Nikamwita Mkwe, akairudisha mbele. Haikutii pia. Akasema huko ni kupiga kelele mlangoni kwa nyumba isiyo na mtu. Jina nililoliita halipo, hata nikipasuka koo.

Nimekaa kibarazani hadi jua likanifikia magotini. Ni herufi moja tu. Kuna mtahiniwa niliyemwangusha kwa kuchanganya R na L, akarudia mwaka mzima. Leo ni daktari wa meno. Ndiye anayening'oa. Nitamtazamaje usoni?

Siku mbili.


Ijumaa, 7 Machi

Nimelala juu ya jambo hili na nimeamka na kanuni iliyolegea kidogo. Mkwe akiandika, si vibaya sana. Nimekwenda mezani kwake nikiwa nimeshavaa uso wa kukubali. Hayupo. Amekwenda kwa mteja wa mji wa pili, atarudi kesho mchana. Ameniachia karatasi kwenye jokofu: "Baba, faili la asili usiliguse." Amepiga mstari chini ya neno la mwisho. Mstari umenyooka, nimpongeze kwa hilo.

Nikamwendea Dada. Nikamwomba abonyeze herufi saba nitakazomtajia, asiulize. Akaja amejifuta nusu, unga bado viganjani. M. J. A. D. A. Tulipofika ya sita, mdomo ukanikataa. Nikasema, ile inayotangulia S. Akaniuliza kama nimemtoa jikoni kuja kutegua vitendawili. Nikasema ile ya "rafiki". Akasema tena kwa kituo, akiniangalia, kwamba kama nina neno na mama wa maktaba nimwambie kwa mdomo niliopewa, niache kumzunguka na rangi. Amesema, "Mdogo wangu, ulimwumbua mwenzio mbele za watu, halafu unahangaika kupaka kuta." Akaenda zake. Kibodi imebaki na unga kwenye M, J, A na D.

Maneno ya kuumbuana yamenishangaza. Yalikuwa makosa manne tu, na nilitumia neno "tafadhali".

Nikaijaribu kompyuta kwa sauti. Ina uwezo wa kuandika unachotamka. Nikafunga mlango, nikavuta pumzi, nikatamka neno kwa kosa lake, nikiwa nimefumba macho. Ikaandika "mjadala". Nikatamka tena kwa kuiburura R hadi ulimi ukatetemeka. "Mjadala." Mashine ina malezi kuliko fundi.

Saa nane mchana Mtangazaji akapiga simu. Sauti yake ileile, nzito, kana kwamba anasoma hali ya hewa. Akasema Mwalimu wangu, yamebaki masaa ishirini, kwa nini tugombane wazee wawili. Njoo kwetu, nitakutengea kona ya sarufi. Nikamwambia saa ishirini. Akasema umeona sasa, kona hiyo itakufaa sana. Akacheka kicheko cha watu wenye wanachama.

Nilipokata simu, wazo likanijia limekamilika.

Amri yangu haina kosa. Mwenye kosa ni fundi. Neno likisahihishwa kule linakotoka, amri yangu itakuwa na jina sahihi la kuita, jina litaitika, na maandishi yatakuwa meusi. Ni kweli Mkwe amesema faili la asili lisiguswe. Lakini alikuwa akizungumzia rangi. Kuhusu tahajia hakusema lolote, na karatasi ya jokofu haisemi lolote. Na hata kitambaa, kabla ya kukitandika, mtu huiangalia meza kama ina miguu yote.

Nimeweka nakala ya mafaili yote, kama nilivyoahidi. Sina haraka. Mimi si mjinga.


Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mezani, nimenyoa.

Kuna kitufe cha kutafuta neno na kulibadilisha kote kwa mpigo mmoja. "Mjadara" lilipatikana mara mia mbili na kumi na tisa. Ndani ya nyumba yangu. Nikaandika neno sahihi kwenye nafasi ya pili. Kwenye nafasi ya kwanza neno lilikuwa limeshajiweka lenyewe nilipolibofya, kwa hiyo mkono wangu ni safi. Nikabonyeza. Makosa mia mbili na kumi na tisa yakaondoka kwa pumzi moja. Sikumbuki asubuhi nyingine kama hiyo tangu nianze kazi ya kushika chaki.

Nikalifungua jukwaa.

Jeupe. Sisemi mandhari meupe yenye maandishi meusi. Jeupe tupu, kama sahani iliyooshwa. Kwenye kona ya juu tu palikuwa na mstari mmoja unaosema faili fulani linatafutwa na halipatikani. Faili hilo linaitwa "mjadala". Limeandikwa sahihi kabisa.

Nimeelewa sasa, na kuelewa hakujanisaidia. Yale mafaili yenyewe yamepewa jina lile la kosa. Nilisahihisha kila mahali yanapotajwa, nisiyaguse majina yenyewe yaliyoandikwa juu ya mafaili. Kwa hiyo kila ukurasa unamwita mtu kwa jina lake halali, na mtu mwenyewe anajijua kwa jina la kihuni, haitiki.

Saa moja na nusu. Nikajituliza. Kwa siku kama hii ndiyo maana watu huweka nakala. Nikairudisha nakala.

Jeupe.

Nikaifungua nakala nione ina nini. Haikuwa na "mjadara" hata moja. Hapo nikakumbuka. Jana jioni, baada ya kuiweka, sikuweza kuvumilia kuacha uchafu ule ulale kwenye kompyuta yangu. Niliisahihisha ile nakala kwanza.

Nilimpigia Mkwe mara saba. Yumo kikaoni, simu yasema hivyo kwa sauti ya kike yenye matamshi mazuri. Dada akaingia na chai, akatazama kioo, akauliza ndiyo hiyo rangi niliyoichagua. Akasema angalau ni safi. Akaiweka chai mbali na kibodi, kwa huruma, jambo lililoniumiza zaidi.

Saa nne kamili wanachama walifika na kukuta ukuta. Mtangazaji alikuwa amejiandaa. Dakika tano baadaye kila mtu alikuwa na anwani ya ukumbi wake, na kura ikapigwa hukohuko. Nilifika mlangoni nipige yangu. Lazima ujiandikishe kwanza. Kitufe chao kimeandikwa "Jisajiri hapa". Nilikaa mbele ya kitufe hicho nusu saa, kidole hewani, hadi kura ikafungwa.

Thelathini na tisa wamehama. Wasiopiga kura ni wawili, mimi na Mkutubi.

Mkwe amerudi saa nane. Alikaa kabla ya kuvua mkoba begani. Akaniuliza kama niligusa faili la asili. Nikasema sikugusa rangi hata moja. Akafumba macho kidogo. Kisha akaenda kwenye tovuti ya fundi wa kiolezo, akachukua kiolezo kipya, akakiweka juu ya magofu yangu, na kwa muda wa chai kupoa jukwaa likasimama tena na makala zangu zote za miaka tisa. Halafu akafungua kisanduku cha mitindo ya ziada. Nikageukia dirishani. Nilisikia vidole vyake, herufi saba.

Nilipogeuka, maandishi yalikuwa meusi juu ya weupe wa maziwa. Jukwaa halijawahi kupendeza hivyo. Kila nukta inaonekana. Wanachama waliomo ukurasani kwa sasa: mmoja.

Mkwe amesema, pole, Baba. Akanishika bega. Afadhali angenigombeza.


Jumapili, 9 Machi

Sikutaka kuamka. Niliamka kwa sababu simu ililia, na ilikuwa Mkutubi. Katika miaka tisa hatujawahi kuongea kwa sauti. Ana sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona kazini.

Amesema jana asubuhi simu yake ilimwambia ukurasa wangu hauna kitu. Akarudia, ikamwambia hauna kitu. Akaingiwa na hofu kwamba nimefariki, akangoja hadi leo ili asiwapigie wafiwa siku ya kwanza. Nikamwambia nipo. Akasema Alhamdulillahi, kisha akacheka kidogo.

Nikamwuliza kwa nini simu ndiyo imwambie. Akasema mbona ni zamani. Macho yake hayasomi tena herufi za kioo; tangu mwaka juzi simu humsomea kila kitu kwa sauti, na makala zangu pia, akiwa ameketi na uzi wake wa kufuma. Kijivu cheusi, cheusi kijivu, kwake ni mamoja. Hajaiona rangi ya jukwaa langu kwa miaka miwili.

Nikakaa kitandani.

Nikamwuliza, basi kimya cha nini. Akasema, "Mimi nilikuwa nasimulia, Mwalimu. Wewe ulikuwa unahesabu."

Nimeifikiria sentensi hiyo siku nzima. Kitenzi "kuhesabu" kinadai yambwa, yaani kile kinachohesabiwa, na yeye hakuitaja. Nilimstahi, sikulisema.

Akaendelea kwamba hakuhamia kwa Mtangazaji kwa sababu kule wanapiga kelele. Kwamba habari ya maktaba hakuimaliza, na yamkaa kifuani. Ataniandikia mimi peke yangu, na simu yake itaandika akiisemea. Lakini ana ombi moja: niisome tu. Iwapo nitaweza kuisoma tu, ataendelea kuniandikia kila Jumamosi kama zamani. Iwapo siwezi, nimwambie sasa hivi, hatakasirika, ila hatajisumbua tena.

Nimemwahidi. Nimeahidi nikiwa nimesimama.

Dada amesema uso wangu leo umekunjuka kama shuka iliyopigwa pasi. Nimekula sahani mbili. Thelathini na tisa waende salama. Mmoja ananitosha.


Jumanne, 11 Machi

Barua yake imeingia saa tatu asubuhi. Kurasa mbili na kidogo.

Anasema siku ile wenzake waliondoka mapema kwa kuwa hawakutaka kuona. Alibaki peke yake na makasha ya sabuni. Alifagia, akazima taa, akafika mlangoni, akarudi akaziwasha, kwa sababu alikuwa hajaiaga rafu ya pili. Aligonga muhuri wa tarehe kwenye kiganja chake ili siku hiyo iwe na kumbukumbu mahali. Hakunawa mkono huo hadi kesho yake. Anasema hajawahi kumweleza mtu yeyote habari ya muhuri, hata mumewe alipokuwa hai, kwa kuwa aliona ni upuuzi. Na kwamba ananieleza mimi kwa sababu kila Jumamosi, hata asipoandika, hujisikia yupo mahali anapongojewa.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma tu, kama nilivyoahidi. Ilinibidi nivue miwani, na haikuwa na vumbi.

Mara ya pili nilikuwa na kalamu.

Makosa sita. Mawili ni ya simu, haki itendeke. Mstari wa nne una "masaa". Nilijaribu kuupita. Niliinuka nikatembea hadi getini na kurudi. Barua nzuri kiasi hiki, na ina "masaa" katikati kama mbegu ya chungwa ndani ya keki. Ni nani anayempenda mtu angemwachia?

Tena nimejali hali yake. Wino mwekundu haungemfaa asiyeona rangi. Nimeyaandika masahihisho yote kwa maneno, moja baada ya jingine, kosa la kwanza, mstari wa nne, kosa la pili, mstari wa saba, ili simu yake imsomee kwa sauti akiwa ametulia na uzi wake. Na safari hii ni faragha, si mbele ya watu. Nimeanza kila moja kwa "tafadhali". Mwishoni nimempa tisa kwa kumi, alama ambayo sijampa mtu tangu nistaafu. Nimetuma saa tano kamili.

Saa nane. Hajajibu.

Saa kumi na moja. Hajajibu. Nimempigia, simu inaita tu. Nimekaa nikiwaza kosa liko wapi, na nadhani nimelipata: ni ile sauti ya simu yake. Huenda inasoma kwa ukali. Kesho, Mkwe akiamka, nitamwomba anionyeshe jinsi ya kuibadilisha.